Mkwe Aliyekuja na Chakula Chake

Gideoni alifungua begi, akatoa kibakuli cha plastiki, akakiweka mezani pembeni ya ugali wa uwele uliokuwa bado unafuka moshi. Ndani mlikuwa na mayai mawili ya kuchemsha na kabichi. Loisi alitamani ardhi ya kijiji chao cha Mlali ipasuke immeze.

"Samahani mama, mimi ugali sili," alisema mchumba wake. "Huu wanga ndio unaotumaliza. Hata wewe ukiuacha, miezi mitatu tu, hayo magoti yatapona."

 Tangu alfajiri Mama Loisi alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akisaga uwele ule kwa mikono yake ilhali mashine ipo jirani, maana katika nyumba ile mkwe anayekuja mara ya kwanza hapikiwi unga wa mashine. Alifunika bakuli la mboga ya mlenda taratibu, akaenda jikoni, na hakutoka mpaka wageni walipoaga.

Jumanne ujumbe wa mama uliingia kwenye simu ya Loisi.

"Mwanangu, mwambie mshenga asije. Mtu anayeona chakula changu ni sumu sijui nitaishi naye vipi."

Loisi aliusoma akiwa kibarazani kwake mjini, Area D, akalia kwa hasira na kwa kumbukumbu. Gideoni wa zamani hakuwa hivi. Gideoni wa zamani alikuwa na kitambi na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Jumamosi alikuwa akija na mfuko wa zabibu, wanakaa kwenye ngazi hii hii, wanashindana kutema mbegu, na jua linazama bila wao kujua. Kisha akaanguka kazini. Sukari. Tangu hapo kila asubuhi alikimbia hadi Msalato na kurudi, akapungua kilo thelathini, na Loisi alimshukuru Mungu kwa kila moja. Tatizo ni kwamba utani nao ulipungua. Kila sahani ya mtu ikawa na mahubiri yake. Harusini alihubiri, msibani alihubiri, hata mama ntilie wa pale kituoni alikuwa akimwona kwa mbali anafunika sufuria.

Jioni Gideoni alipofika, Loisi alimwonyesha ule ujumbe.

"Kwani nilisema uongo gani?" aliuliza.

"Hukusema uongo. Ila ulisema magoti yake, ugonjwa wako ukauficha. Mama anajua habari za baba yako?"

Gideoni aliinamisha kichwa. Baba yake alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, mwaka uliofuata wa pili, na aliyekuwa akiosha vile vidonda ni yeye, kijana wa kidato cha tatu. Kwa miaka yote minne ya uchumba wao Loisi alisimuliwa mara moja tu.

"Nikimwambia nitalia, Loisi."

"Basi ulie. Afadhali akuone unalia kuliko akuone unamfundisha kupika."

Jumamosi walirudi Mlali. Mama alikuwa uani anabangua karanga. Gideoni alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya kumjibu mpita njia. Hakungoja kiti. Alikaa chini kwenye mkeka, akachota karanga naye akaanza kubangua, na huku mikono ikienda akasimulia yote: mguu wa kwanza, mguu wa pili, harufu ya dawa, na siku yeye mwenyewe alipoambiwa ana ugonjwa ule ule. Alilia kweli. Mama aliacha karanga.

"Sasa siku ile ulishindwa nini kuniambia hivi, baba?"

"Niliogopa, mama. Kukosoa sahani yako kulikuwa rahisi zaidi. Nisamehe."

Mama alikung'uta maganda ya karanga mikononi.

"Na daktari alikukataza ugali kabisa?"

"Alisema kidogo, na mboga nyingi. Hiyo 'kabisa' niliongeza mwenyewe."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Loisi hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu marehemu baba yake alipokuwa hai, siku zile nyumba ikiwa na watu wengi na sufuria kubwa. Mama alipika. Gideoni aliomba akatiwe tonge moja tu na mlenda wa kutosha, na hakumwambia mtu mwingine ale kiasi gani. Alipoonja alifumba macho.

"Marehemu baba yangu alikuwa akiupenda hivi, wenye karanga," alisema. "Miaka kumi na tano sijauonja."

 Mama alimsogezea bakuli la mlenda karibu, kisha akamgeukia binti yake.

"Loisi, mpigie mshenga. Mwambie aje Jumapili, na asile huko anakotoka."