Chaneli Aliyoipa Jina

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kicheko cha Muhindo. Alisimama mlangoni kwa Vital Jumamosi mchana, flash yake mkononi, nguo zake nyeupe kwa vumbi la unga anaouza.

"Vital, jirani, uko unatutesa! Jana mupira ilikuwa ku chaîne kumi na mbili. Leo minafungula kumi na mbili, minaona padri anapika keki."

"Padri hapiki keki."

"Basi ni mupishi mwenye kuvaa kama padri! Weye ulisoma université, tengeneza."

Akacheka mwenyewe, akaacha flash mezani, akarudi kwenye magunia yake.

Mwaka ule bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Viwanda vya kuiyeyusha vilifungwa, na Vital, mhandisi, aliachishwa kazi pamoja na wenzake. Mabwana wa kampuni ya kebo walipanda ndege bila kuaga, wakaacha mitambo ikijiendesha. Waya uliendelea kuleta picha, ila hapakuwa tena na mtu wa kuzipanga. Kila umeme ulipokatika na kurudi, chaneli zilihama namba. Waliotazama televisheni kwa komputa walilazimika kuzitafuta wenyewe, kwa maana mashine hukamata mawimbi bila kujua ni ya nani. Mtu hutazama, huipa kila chaneli namba na jina, kisha huhifadhi. Vital alifanya kazi hiyo kwa niaba ya barabara nzima, majirani wakanakili mpango wake kwa flash zao. Siku mbili tatu, umeme unakatika, kila kitu kinavurugika, anaanza upya. Ilimchosha na kumkasirisha. Hakuiacha, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya tangu mkewe, Domitille, alipozikwa.

Jumamosi ile mashine ilikamata kitu kisicho na picha wala sauti. Kioo cha komputa kilikuwa cheusi, lakini kipimo kilionyesha mawimbi yenye nguvu kuliko yote. Akakifuta. Kikarudi. Akakifuta tena, na kila kiliporudi kilisukuma chaneli nyingine kutoka mahali pake, hata kazi ya mchana mzima ikabomoka mbele ya macho yake. Mashine ilidai jina. Bila jina haikukubali kuendelea. Vital alitukana, akapiga meza kwa ngumi, kisha vidole vyake vikaandika *Domitille*.

Kwa watu wa mkewe, kule Kipushi, jina la marehemu halitajwi nyumbani mpaka wakwe waje kuondoa matanga na kumwosha aliyefiwa. Vital alikuwa amewakatalia. Yeye si sahani, aliwaambia.

Chaneli zote zikatulia. Hakuna iliyohama tena. Alifurahi, akawagawia majirani mpango mpya.

Ilianza na harufu. Udongo mbichi, ule mwekundu wa shimo lililochimbwa sasa hivi, ulinuka sebuleni ingawa mvua haikuwa imenyesha. Kisha ukaja mlio wa mwiko ukigonga sufuria, kama mtu anasonga ugali.

"Shemeji," alinong'ona Régine, mdogo wa marehemu, aliyekuja kumlea mtoto, "nani anasonga bukari? Miye niko nafua."

"Ni kwa majirani."

"Majirani gani? Inatoka mu salon."

Graciella, binti wa pekee wa Vital na Domitille, alikuwa ameketi sakafuni mbele ya kioo cheusi, akiitikia kwa kichwa.

"Uko unaongea na nani?" Vital aliuliza.

"Na mama."

"Kuja ukule."

"Minaisha kula. Mama alinipa."

Akatabasamu. Meno yake yalikuwa yametapakaa udongo mwekundu.

Mtoto akaanza kukonda. Sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyokwenda, na mashavu yakabonyea. Vital alichomoa waya wa kebo, akachomoa na wa umeme, akaibeba komputa mpaka kona ya mbali ya chumba, na hapo, nyaya zikiwa zinaning'inia mkononi mwake, jua la alasiri likiwa bado dirishani, kioo kikawaka chenyewe, kikaonyesha jiko lao, sufuria yao, na mwanamke aliyewapa mgongo, amevaa kitenge kile kile walichomzika nacho Domitille, akisonga polepole, akisonga, mwiko ukigonga, harufu ya udongo ikijaa mpaka kooni.

"Vital," ilisema sauti ya mkewe, "leta mutoto. Bukari inapoa."

Alisonga kwa mkono wa kushoto. Domitille alisonga kwa kulia maisha yake yote. Vital aliliona hilo, akalielewa, na hata hivyo akapiga hatua kuelekea kioo. Régine ndiye aliyemnyakua mtoto kutoka sakafuni na kukimbia naye nje akipiga kelele.

Siku iliyofuata Régine alimleta Mama Laurentine, mwoshaji wa wafiwa, kutoka Kipushi. Mama yule alinusa hewa, akabaki kizingitini.

"Ni muke wangu?" Vital aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, baba. Muke wako iko napumuzika. Hii ni jini, kitu yenye haina kwao. Ilikuwa inatembea mu waya, inatafuta fasi ya kukaa. Weye ukaipatia fasi na jina."

"Basi ifukuze."

"Miye naosha bantu, siosha mashini. Mukono yenye iliandika jina, njo itaifuta."

Akamwosha Vital kichwa, akampaka mtoto unga mweupe kwenye paji la uso. Vital akaketi mbele ya kioo.

"Utanizika mara ya pili?" sauti iliuliza, taratibu, bila hasira.

Akafuta jina. Kioo kikazimika. Graciella akatapika udongo, akalia, akaomba maji, kisha akaomba bukari.

Asubuhi, Précieuse wa ng'ambo ya barabara alimwita kwenye ua. "Papa Graciella, ile chaîne ya mama mwenye kusonga bukari iko ya nchi gani? Batoto bangu banakatala kutoka pale."

Vital alivuka barabara, akaingia nyumbani kwa Précieuse. Akafuta. Akaenda nyumba ya pili, ya tatu, na zote zilizonakili mpango wake. Kila mahali sauti ilimwuliza swali lile lile, na kila mahali alibonyeza.

Ya mwisho ilikuwa kwa Muhindo. Mlango ulikuwa na kufuli, kwani alikuwa amekwenda Kasumbalesa na familia yake kufuata mzigo wa unga. Ndani, mwiko uligonga sufuria.

Vital aliketi kwenye ngazi, mgongo mlangoni, amsubiri mwenye ufunguo.

"Vital, ni weye?" sauti iliuliza nyuma ya mbao.

Hakujibu. Wala hakuziba masikio.