Aliyeshuka na Sulle

Ilikuwa wiki yetu ya kwanza kazini. Mimi Natalia, Renatus na Sulle tulikua pamoja kijijini Gendabi, tukaacha jembe na fimbo ya ng'ombe, tukasomea kuongoza watu wanaopanda Mlima Hanang. Jioni ile tulipandisha mahema hadi kambi ya kwanza, juu ya kijiji cha Jorodom. Wageni wangekuja asubuhi.

Jua lilipoanza kuzama, Sulle alichukua dumu.

"Nachota maji, narudi sasa hivi."

Chemchemi iko hapo chini tu, nyuma ya miti. Tukasimamisha mahema yote. Ukungu ukashuka. Sulle hajarudi.

"Huyu amelala huko?" Renatus alicheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nimeshika nyundo ya kupigilia vigingi. Tukamfuata.

Kwanza ilikuja harufu. Ngozi mbichi ya ng'ombe... na damu.

Halafu sauti. Chwa... chwa... chwa... Mtu ananawa.

Sulle alikuwa amepiga magoti majini, ametupa mgongo. Dumu limelala pembeni, tupu.

"We Sulle, vipi?" Renatus alimshika bega.

Aligeuka.

Sura ni ya Sulle. Koti ni la Sulle. Lakini mdomo umejaa tope, na macho hayapepesi.

Alimrukia Renatus shingoni. Nilisikia nyama ikichanika. Renatus alipiga yowe, wakaanguka majini, yule juu, anamzamisha... anamzamisha... Maji yakabadilika rangi. Nilimpiga nyundo mgongoni. Ikawa kama kupiga gunia la mchanga. Nikampiga kichwani kwa nguvu zangu zote. Fuvu lilipasuka, nikalisikia hadi kwenye kiwiko, na kilichotoka kilikuwa tope tupu.

Akamwachia. Akanitazama kwa huzuni, kama ndugu uliyemkosea. Kisha akajilaza ndani ya maji yale, maji ambayo hayafiki magotini...

Akazama.

Tulikimbia, tukianguka, Renatus ameziba shingo kwa kofia yake. Tulipofika getini, chini ya mlima, tukakuta moto unawaka. Mzee Nicodemo, mlinzi, alikuwa anakunywa chai. Pembeni yake amekaa Sulle, mzima kabisa.

"Mbona mmechelewa?" Sulle aliuliza.

Renatus aliinyakua nyundo mkononi mwangu.

"Wewe si Sulle!"

Pigo la kwanza lilivunja taya. La pili lilimpata Sulle begani, akiwa tayari chini, anatema meno. Mimi na Mzee Nicodemo tulimvuta Renatus kwa nguvu hadi akaishiwa, akaanza kulia kama mtoto.

Hospitalini daktari alimshona Renatus, akasema yale ni meno ya binadamu. Polisi wakamchukua akiwa bado na bandeji. Sulle alikataa kumshtaki, ila alikataa pia kumwona.

Nilirudi kwa Mzee Nicodemo.

"Shikamoo, mzee."

Alinitazama kwanza miguu.

"Jioni ile pia uliniamkia hivyo hivyo, mwanangu. Ulishuka na Sulle, umemshika mkono. Ukamwambia akusubiri hapa, ukarudi juu."

"Mzee... mimi sikushuka."

Alichokoa moto uliokwisha kuzimika.

"Wazee wetu hawakuwa wakichota maji kwenye chemchemi ile jua likizama," alinong'ona. "Hawakutuambia ni kwa nini."

Kesho yake nilimpelekea Sulle maziwa hospitalini. Aliponiona mlangoni, alijivuta hadi ukutani.

"Simama hapo hapo." Aliongea kwa shida, taya imefungwa. "Ulinishika mkono, Natalia. Tukaongea njia nzima. Ukanikumbusha siku tuliyoibiwa ndama, tukacheka. Sasa... nitajuaje?"

Nilifungua mdomo nimwambie jambo ninalolijua mimi peke yangu. Nikatafuta. Kila nililolipata, nilijiuliza kama yule wa jioni ile hajamwambia tayari.

Nikamwachia nesi maziwa, nikaondoka.

Jioni nesi alinipigia simu. Sulle hakuyagusa. Aliomba yakamwagwe nje, mbali na dirisha lake.