Kuku Asiyechomolewa Unyoya

Kuku anayesafiri kwa basi hunya. Kwa watu wa Singida hilo halina mjadala, na ndiyo sababu makondakta wa njia ile hawamruhusu kuku kupanda bila boksi. Kwa hiyo Idrissa alipoinama chini ya siti, basi likiwa limeshaipita Misigiri, akakuta boksi la kuku mwekundu limechafuka kama kawaida na la kuku mweupe likiwa kavu, safi, kama ndiyo kwanza limetoka dukani, jambo la kwanza alilofanya ni kucheka.

"Spes, huyu kuku wako wa pili kasoma wapi? Hanyi, halii, hata hapepesi macho!"

Spesioza hakucheka. Alikuwa amegeuza shingo anatazama nyuma walikotoka, na vidole vyake vilikuwa vikipapasa mahali pamoja kisogoni. Eliza, aliyekaa katikati yao, aliviona vile vidole akapuuza. Baadaye alijilaumu sana.

Wote watatu walisoma uuguzi Dodoma. Idrissa alikuwa mtoto wa mjini pale pale. Spesioza alitoka Gitega, Burundi, na tangu muhula wa kwanza Eliza ndiye aliyemshika mkono: kutafuta chumba, kuzoea soko, kugombana na bodaboda. Siku moja mama yake Spes alipiga simu akaomba kuongea na huyo Eliza. "Binti yangu nimekukabidhi wewe," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Nitamuulizia kwako." Eliza akamwahidi, na alipoahidi alimaanisha. Wikiendi ile ilikuwa ya kumwonyesha rafiki yake kwao, kijiji kilicho chini ya mlima Sekenke, nyumba ya mama yake, Mama Yustina, mahali ambapo mtu huzungumza Kinyiramba hata na mbuzi.

Asubuhi ya Jumapili, wakiwa wanaaga, Mama Yustina alimletea Spes kuku mwekundu. Kabla ya kumkabidhi alichomoa unyoya mmoja wa mkia, akauchomeka kwenye paa juu ya mlango.

"Mbona unamuumiza, mama?" Spes aliuliza.

Eliza ndiye aliyejibu. "Kwetu kinachotolewa huacha unyoya, nyumba ijue nini kimetoka. Halafu mgeni hakatai kuku. Ukikataa umetutukana."

Spes ni mtu wa heshima mno. Alilishika hilo la mwisho kama amri.

Basi lilipomaliza kupanda mlima, injini ilichemka likasimama. "Dakika kumi! Wachimba dawa wakachimbe!" alipaza sauti kondakta. Abiria wakatawanyika vichakani. Spes alikwenda peke yake nyuma ya mawe, upande wa mashimo ya zamani ya dhahabu, akarudi amembeba kuku mweupe kifuani huku anatabasamu.

"Nimepewa na mama mmoja, kando ya shimo lililozungushiwa miiba," alieleza. "Nguo zake safi kabisa, ila miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akaniuliza mimi mgeni wa wapi, nikamwambia. Akanipa kuku. Sasa ningemkataa?"

"Ungemkataa mimi ningekuacha hapa hapa," Idrissa alisema, na tayari alishaanza kuwaza supu.

Eliza alitaka kuuliza ni mama gani wa Kinyiramba asiyeitikia shikamoo, lakini honi ikapigwa na kila mtu akakimbilia mlangoni.

Hivyo ndivyo walivyopanda wakiwa na kuku wawili, wa pili ndani ya boksi tupu alilowauzia kondakta. Mwanzo ilikuwa harufu tu. Oktoba ile hata tone la mvua lilikuwa halijaanguka, lakini ndani ya basi kulianza kunuka udongo uliolowa, udongo wa chini sana usioona jua. Abiria wakafungua madirisha, na upepo wa nje ukaingia mkavu, ukatoka, na harufu ikabaki. Walipoondoka stendi ya Singida mjini, ikaja sauti. Ilitoka chini ya sakafu, chini ya miguu ya Spes: kitu cha chuma kikigonga mwamba, kinapumzika, kinagonga tena. Idrissa alisema ni springi. Kisha akainua miguu yake yote miwili juu ya siti.

Karibu na Ikungi kuku mwekundu alipiga kelele moja, akapigapiga mabawa ndani ya boksi, akafa. Yule mweupe alikuwa amemgeukia. Eliza alimshika Spes mkono ili amwambie, akakuta mkono ni wa baridi na mwepesi, mwepesi kama bua la alizeti lililokauka, na kwenye kucha zake kulikuwa na vumbi jekundu ambalo hakuwa nalo asubuhi.

"Spes, unaumwa?"

"Wananiita," Spes alinong'ona. "Huwasikii? Mwambie dereva asiende mbali hivi."

Wakati huo simu ya Spes ikaita. Mama yake hupiga kila Jumapili saa tisa, akitoka kanisani. Spes aliitazama ile simu kama hajui ni kitu gani, kwa hiyo Eliza akaipokea, akaiweka spika. "Amahoro, mwana wanje," ilisema sauti ya Gitega, changamfu, ikaendelea na Kirundi chake. Spes alisikiliza, uso umekunjamana, mdomo unatafuta kitu usikipate, halafu akajibu. Akajibu kwa Kinyiramba, Kinyiramba kizito cha wazee, cha maneno ambayo Eliza aliyasikia kwa bibi yake tu kabla hajafa, na alichosema ni kwamba huku chini hakuna mtu wa jina hilo.

Kisha yule mama akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Eliza. Huyo si mwanangu. Mwanangu yuko wapi?"

Eliza alikata simu kwa woga, na aibu ya kuikata ikamchoma kuliko woga wenyewe. Akampigia mama yake mwenyewe, akammwagia kila kitu kwa Kinyiramba huku analia.

"Huyo mwenye kuku," Mama Yustina aliuliza, "alichomoa unyoya?"

Eliza akamuuliza Spes. Spes aligusa kisogo. "Wa kuku hapana. Alinichomoa mimi unywele. Nikafikiri ni utani wa kwenu."

"Basi kuku hakutolewa, mwanangu," alisema Mama Yustina. "Aliyetolewa ni huyo mtoto. Shukeni. Mrudisheni kwenye shimo hilo kabla jua halijazama. Nakwenda kumwamsha Mzee Zefania."

Walishuka Issuna. Idrissa alikimbia huku na huko gulioni mpaka akapata mtu mwenye gari dogo anayerudi upande ule, na njia nzima ya kurudi, kilomita zaidi ya mia, hakufanya mzaha hata mmoja. Alimshika Spes bega la huku na Eliza akamshika la kule, kwa sababu kadiri walivyoukaribia mlima ndivyo Spes alivyozidi kuchangamka, akitabasamu, akiimba kwa sauti ndogo wimbo ambao Eliza hakutaka kuelewa maneno yake, na chini ya gari lile, ambalo lilikuwa gari jingine kabisa, chuma kiliendelea kugonga mwamba, kinapumzika, kinagonga tena.

Jua lilikuwa limebaki kiganja kimoja juu ya mbuga ya Wembere walipofika. Mzee Zefania alikuwa ameshasimama kando ya miiba na Mama Yustina. Enzi za ujana wake alichimba mashimo yale, na wachimbaji wote walimfuata yeye shimo lilipokataa watu.

"Shikamoo, babu," Eliza alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu." Alimtazama Spes kwa huruma. "Ameshapoteza lugha ya mama yake?"

"Ndiyo, babu."

"Huyo mwenye kuku ni jini wa shimo hili, na ndivyo alivyo. Hiyo huichukua kwanza, ili mtu akiitwa kwao asiitike. Sasa sikilizeni. Mgeni achomoe unyoya wa huyo kuku kwa mkono wake, amwache hapa. Hapo mtoaji atakuwa yeye na kitakachotolewa ni kuku. Na wewe Eliza, ukisikia unaulizwa chochote, usijibu. Nimesema usijibu."

Spes alipiga magoti. Kuku mweupe alitulia mbele yake. Harufu ya udongo ilipanda kutoka shimoni nzito kiasi kwamba Idrissa alitapika, na vyuma vikaanza kugonga kule chini, kimoja, kisha vingi, kisha vikanyamaza vyote kwa pamoja, na katika ule ukimya sauti ya mwanamke, ya upole, ya karibu kabisa, ikauliza: mgeni huyu ni wa nani? Mkono wa Spes ulisimama nusu ya njia. Vidole vilikuwa vinajikunja vyenyewe. Mzee Zefania alikuwa anatikisa kichwa, jua lilikuwa limebaki ukucha, na Eliza alimwona rafiki yake anainamia shimo, taratibu, kama mtu anayechungulia kama uji umeiva, na masikioni mwake hakusikia kingine ila ile sauti ya Gitega, nitamuulizia kwako, nitamuulizia kwako.

"Wangu!" alipiga kelele. "Ni mgeni wangu mimi! Mwachie!"

Akaukamata mkono wa Spes, wakachomoa unyoya pamoja. Kuku alilia, kwa mara ya kwanza siku ile, akarukia gizani mwa shimo. Hawakumsikia akitua. Spes akaanguka kifuani kwa Eliza akalia kwa Kirundi, analiita jina la mama yake, na Eliza naye alilia kwa furaha. Kitu kilimchoma kisogoni, akadhani ni miiba. Mzee Zefania aliwatangulia mpaka nyumbani bila kugeuka.

Jumamosi iliyofuata walikuwa hosteli, Dodoma. Spes alikuwa mzima, amenenepa hata, na mama yake alishapiga simu mara mbili kumshukuru Eliza, mara zote akilia. Dirisha lilikuwa wazi, jua linawaka. Spes alikuwa anamfumua Eliza nywele huku Idrissa, kitandani, anawasimulia uongo wake.

"Eliza," Spes alisema, mkono ukasita. "Hapa kisogoni pana kipara kidogo. Lini kimeanza?"

Simu ya Eliza ikaita, na Spes akaona jina la Mama Yustina kwenye kioo. Aliiweka sikioni. Mwanamke fulani alikuwa anazungumza, kwa furaha, haraka haraka, kama mtu aliyezoea kusikilizwa, na Eliza alisubiri amalize kwa sababu hakuwa ameelewa neno hata moja. Chumbani kulikuwa kumeanza kunuka udongo uliolowa.

"Samahani, mama," alisema kwa heshima. "Unamtafuta nani?"