Nusu ya Kidonge

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, kelele za nyundo huanza machimboni. Ko, ko, ko. Vijana huangusha mawe makubwa kutoka juu. Wengine, wengi wao wanawake, hukaa chini na kuyaponda yawe kokoto. Kila familia ina lundo lake. Lori likifika, dereva hushuka, hutazama, na hununua kwa yule aliyepo. Kama hupo, dereva hana muda wa kukusubiri.

Baba Pacha na mkewe walifanya kazi hapo bega kwa bega. Watoto wao walikuwa mapacha, na tangu wazaliwe Mama Pacha alizoea kugawa kila kitu nusu kwa nusu. Sabuni aliikata kwa uzi. Ndizi aliipima kwa jicho kabla ya kuigusa kwa kisu. Majirani walimtania kwamba ipo siku atagawa hata kivuli.

"Bora mimi ninayegawa," aliwajibu. "Wengine mnakula mmegeukia ukutani."

Baba Pacha alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI. Mkewe alijua. Yeye alipimwa siku chache tu baada ya mumewe, na hakuwa navyo. Baba Pacha alimeza dawa zake kila jioni bila kukosa. Damu yake ilipopimwa, aliambiwa virusi vimepungua mpaka kipimo hakivioni. Hata hivyo, alikuwa na hofu moja ambayo haikumtoka moyoni. Alihofia kumwambukiza mkewe.

Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya kilima, na kilitoa huduma asubuhi, saa zile zile za malori. Mume alipokwenda kuchukua dawa, mke alibaki kulinda lundo. Hawakuwahi kwenda pamoja. Kwa hiyo maelezo ya watu wawili yalisikiwa na mtu mmoja, tena mwenye haraka ya kurudi kazini.

Siku moja, akiwa kwenye benchi la kusubiri, Baba Pacha alimsikia muuguzi akisema kuna dawa anayomeza mtu asiye na virusi ili asiambukizwe. Mama mmoja akauliza ni dawa gani hiyo. Muuguzi akajibu kwamba ndani yake mna baadhi ya dawa wanazotumia wenye virusi. Hapo Baba Pacha akaitwa dirishani. Alichukua chupa yake, akatoka mbio. Yaliyofuata hakuyasikia.

Jioni alimweleza mkewe.

"Kumbe hizi dawa zinamkinga hata asiye na virusi."

"Hizi hizi?"

"Hizi hizi. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Basi na mimi niende nikachukue zangu."

"Nani atakaa na lundo? Tukikosa lori, hawa watoto tutawapikia kokoto?"

Mama Pacha alifikiri kidogo. Kisha akakiweka kidonge cha mumewe kwenye kibao cha kukatia mboga, akakipasua katikati kwa wembe. Alikuwa stadi. Usingeweza kujua upande upi ni mkubwa.

"Wako huu. Wangu huu."

Wakameza. Baba Pacha alilala vizuri kuliko siku zote. Aliamini mkewe yuko salama. Baada ya muda hata kondomu walizokuwa wakitumia wakaziacha, maana waliona hazina kazi tena.

Mvua zilianza, zikaisha. Baba Pacha alipimwa damu tena kama kawaida. Majibu yalipotoka, yaliletwa na Shangazi.

Shangazi, kama wote walivyomwita, alikuwa mhudumu wa afya wa eneo la machimbo. Zamani aliponda kokoto yeye mwenyewe. Baba Pacha alikuwa amekubali Shangazi ndiye amfuatilie, kwa kuwa alijua kutunza siri. Alikaa kwenye kigoda, akapokea kikombe cha chai, akaenda moja kwa moja kwenye jambo lililomleta.

"Baba Pacha, virusi vimepanda. Dawa unameza?"

"Kila siku, Shangazi. Muulize huyu."

"Anameza," alisema mkewe. "Mimi mwenyewe ndiye ninayemgawia."

"Unamgawia vipi?"

"Nusu yake, nusu yangu."

Shangazi alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha chini bila kunywa.

Walimweleza yote, habari ya benchi na habari ya wembe. Hakuwagombeza.

"Mmefanya kwa mapenzi," alisema, "lakini mmekosea. Nisikilizeni wote wawili. Dawa hii imepimwa imtoshe mtu mmoja. Baba Pacha akimeza kidonge kizima kila siku, virusi vinalala. Vikilala hata kipimo kisivione, na vikaendelea kulala, hamwambukizi mkewe wanapokutana. Ulikuwa umeshafika hapo, baba. Ulipoanza kumeza nusu, vikaamka. Tena virusi vikizoea dawa ndogo ndogo, vinakuwa sugu. Hata ukirudia kizima, huenda kisifue dafu."

"Na mimi je?" aliuliza Mama Pacha.

"Wewe nusu hiyo haikukingi. Mumeo hakudanganya, dawa kinga ipo. Lakini ina vidonge vyake, na kabla hujaanza lazima upimwe. Anayekutwa na virusi hapewi kinga, anapewa matibabu kamili."

Baba Pacha alikuwa ameinamisha kichwa. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona woga.

"Kwa hiyo nilidhani namkinga, kumbe namponza."

Shangazi akawauliza mara ya mwisho walikutana lini bila kondomu. Mama Pacha alitazama pembeni, akasema imepita zaidi ya wiki mbili, mumewe alikuwa na kikohozi.

"Ingekuwa ndani ya siku tatu ningekuburuta mpaka kituoni sasa hivi," alisema Shangazi. "Ipo dawa ya dharura, ila haitaki kucheleweshwa. Sasa tumeshapitwa. Kuanzia leo baba ameze kizima. Kondomu hizi hapa. Kesho mama aje kituoni apimwe."

"Kesho kuna malori," alisema Mama Pacha kwa sauti ndogo.

Shangazi alifungua kinywa amkaripie, akakifunga. Alikumbuka kwamba enzi zake na yeye alikuwa na lundo, na kituo chenyewe alikiona akiwa mjamzito tu.

Kesho yake alikwenda kwa mganga mkuu wa kituo.

"Mnasema watu wa machimbo hawaji kupimwa," alisema. "Mmewahi kuwauliza wanaweza saa ngapi?"

"Hatujawauliza," alikiri mganga mkuu. "Wanaweza saa ngapi?"

"Alasiri. Malori yakishaondoka. Na mkija nyinyi kule itakuwa vizuri zaidi."

Mganga mkuu akakubali, na msimamizi wa machimbo akatoa chumba cha kuhifadhia nyundo. Muuguzi alitaka kubandika tangazo mlangoni la kupima UKIMWI. Shangazi akalichukua, akalikunja.

"Ukibandika hili, atakayeingia humo ni mbuzi tu," alisema. "Pima shinikizo la damu. Funga vidonda vya vidole. Sikiliza vifua vyenye vumbi. Kinga na vipimo vitolewe humo humo. Anayetoka hakuna atakayejua alifuata nini."

Wiki ile ile huduma ikaanza. Wa kwanza aliingia na kidole kilichopondeka. Wa pili alikohoa kwa nguvu ili kila mtu asikie. Wa tatu alikuwa Mama Pacha. Baba Pacha alitaka kuingia naye, akaambiwa na mkewe abaki kwenye lundo. Alibaki, lakini hakuponda kitu.

Muuguzi alimtoboa mke kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Mama Pacha hakukitazama. Alitazama nyundo zilizopangwa ukutani.

"Hakuna virusi," alisema muuguzi. "Ila usishangilie bado. Kipimo hiki hakioni maambukizi ya karibuni. Tutarudia."

Alimpa chupa yake ya dawa kinga, akamweleza taratibu. Ameze kidonge kizima kila siku. Dawa haifanyi kazi siku ya kwanza, huchukua siku kadhaa mpaka ienee mwilini. Kondomu waendelee nazo. Dawa hii haizuii magonjwa mengine ya zinaa wala mimba. Na asimgawie mtu.

"Hata wewe ukiomba sikupi," alisema Mama Pacha, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Baba Pacha alimeza kidonge kizima, mkewe akameza chake. Wakati mwingine alimtazama mkewe akipepeta maharage, akajiuliza kama ugonjwa umeshaingia. Hakumwambia, lakini mkewe alijua.

Majibu ya Baba Pacha yakaja kwanza. Virusi vilikuwa vimelala tena, dawa ilikuwa bado inavimudu. Hakufurahi sana. Yake hayakuwa majibu aliyokuwa akiyasubiri.

Alasiri ya kipimo cha marudio, watu walikuwa wengi mlangoni kwa muuguzi. Wasichana wa kibanda cha chakula walikuwepo. Dereva mmoja wa lori alikuwepo pia, amechelewa kuondoka makusudi. Mama Pacha akaingia. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alipita katikati ya watu bila kumsemesha mtu, akaja mpaka kwenye lundo, akaketi, akachukua nyundo yake.

Mumewe alimsubiri aseme.

"Wanasemaje?"

"Wanasema nirudi tena baada ya miezi mitatu."

"Kufanya nini?"

"Kupima, na kuchukua vidonge vyangu vingine vya kinga."

Baba Pacha alimkodolea macho. Ilimchukua muda neno lile kumwingia. Lilipomwingia, nyundo ilimponyoka, ikamwangukia miguuni.

"Huna," alisema.

"Sina," alisema mkewe. "Okota nyundo, baba. Kesho malori yanakuja."