Ufunguo wa Sanduku la Asukile

"Salamu zake Asukile ampelekee mkewe," nilimwambia Saulo.

Saulo alikuwa dereva wa lori, akipeleka saruji kwa wajenzi wa reli. Alikuwa amesimama barazani kwetu Ipogolo na suruali iliyochanika goti, akitaka niishone. Kumbe suruali ilikuwa kisingizio tu, kilichomleta ni salamu.

"Mke yupi?" aliuliza.

"Wa huko kwao Rungwe. Usijifanye hujui."

"Dada, mimi nimeachana na Asukile wiki iliyopita, kule milimani ninakoshusha saruji. Hajaoa. Amwoe nani kule, nyani?"

"Ameniandikia mwenyewe."

"Kwa njia gani? Tangu masika barabara ya kambi imekatika. Mimi nashusha mzigo njiani, unabebwa kwa vichwa. Barua haziingii, hazitoki. Aliposikia napita Iringa alinishika mkono, akasema nimtafute Paskalina, fundi cherehani, binti wa Mzee Kalinga. Nimuulize kama mzima."

Nilisimamisha cherehani. Miezi miwili nilikuwa nimemlaani yule mtu asubuhi na jioni.

"Sasa kama barua hazitoki," nilisema, "ni nani anayenijibu?"

Saulo alikuna kichwa.

Niwaambie ilivyokuwa. Mwaka ule ulikuwa sabini na mbili. Asukile alikuwa fundi wa nondo, Mnyakyusa, amepanga chumba Mbalizi. Tulijuana alipokuja kwetu kujenga barabara ya lami. Hakuwa msemaji. Ndiyo maana alipokuja kujitambulisha kwa baba alileta mshenga anayejua kusema, rafiki yake Anania, karani wa ghala mjini Mbeya. Anania aliongea mpaka baba akasahau kwamba mchumba ni yule mwingine aliyenyamaza.

Kisha Asukile akachukuliwa kwenda kwenye reli, huko ambako hakuna posta. Siku ya kuagana aliniambia:

"Wewe andika tu kwenye sanduku langu la posta la Mbeya. Nikirudi mwisho wa mwaka nitazikuta zote."

"Na mimi nitajibiwa na nani mpaka mwisho wa mwaka?"

"Vumilia, mama."

Nikaandika. Kila Jumapili baada ya misa nilikaa na karatasi. Niliandika mambo ambayo mdomoni yasingetoka, nasema kweli, maana nilijua yatasomwa na macho mawili tu. Wiki ya sita likaja jibu. Liliandikwa kwa taipu.

*Mpenzi Paskalina, nimerudi Mbalizi kwa sababu nimeumia mkono, karani mmoja ananipigia taipu. Pole kwa msiba wa bibi yako. Pole pia kwa jino. Lile gauni la buluu unalosema unashona, nitaliona siku moja.*

Ningeachaje kuamini? Nilimwandikia mtu kwenye sanduku lake, na jibu likajibu kila nilichouliza. Zikaja tatu za namna hiyo, tamu kuliko maneno yote aliyowahi kusema Asukile. Nilizibusu, mjinga mimi. Ya nne ikasema hivi:

*Wazee wamenitafutia mke wa kwetu. Nimekubali. Usiniandikie tena, na usinifuate.*

Nilitaka kupanda basi siku ileile. Baba akasimama mlangoni.

"Mwanamke hamfuati mwanamume. Hasa aliyemkataa."

Baada ya wiki mbili alikuja Anania kunipa pole. Mara ya kwanza aliniita shemeji. Mara ya pili aliniita Paskalina. Mara ya tatu alizungumza na baba faraghani, na baba akatoka anacheka. Ndoa yangu na Anania ikapangwa ifungwe baada ya mavuno.

Na mimi nilisema sawa. Msinihukumu bado.

Basi siku ile ya Saulo, nilimshonea goti lake bure na nikamwambia:

"Mwambie Asukile kuna mtu anafungua sanduku lake. Mwambie aje, hata kwa miguu."

"Itachukua wiki kadhaa kumfikia."

"Na ichukue."

Saulo alipoondoka niliandika barua moja ya mwisho kwenye lile sanduku la Mbeya.

*Najua umenikataza kuandika. Nina homa kali, nimepelekwa kwa shangazi yangu Ruaha Mbuyuni. Njoo Jumamosi ya wiki ijayo nikuone mara moja tu.*

Nikaitia posta. Baba nilimwambia naenda kumsaidia shangazi kuvuna vitunguu, na ilikuwa kweli. Habari ya homa sikumwambia kiumbe mwingine yeyote. Atakayekuja na pole ndiye mwenye ufunguo.

Jumamosi ilipofika niliketi kando ya barabara na shangazi Marta, tumepanga nyanya zetu. Jua la Mbuyuni mnalijua.

"Unamtega nani?" aliniuliza.

"Mwizi wa barua."

"Mbona umemvalia mwizi gauni jipya?"

Lilikuwa lile la buluu. Moyo ni mpumbavu, jamani. Akili ilijua Asukile yuko milimani, lakini moyo ulisema huenda Saulo amekosea, huenda mkono uliumia kweli, huenda atashuka hapa na kitambaa shingoni, aniambie alilazimishwa na wazee. Nilikuwa tayari hata awe ameoa. Nilitaka tu ashuke yeye.

Basi la kutoka Mbeya likasimama. Akashuka mama na kikapu. Wakashuka wanaume wawili nisiowajua. Kisha akashuka Anania, na machungwa ndani ya mfuko na kopo la glukosi.

Nilitazama nyuma yake kama kuna mwingine anashuka. Hasira ilikuja baadaye.

"Umeshaamka?" alisema. "Nilidhani nitakukuta kitandani. Homa imepungua?"

"Homa gani, Anania?"

"Si unaumwa? Baba yako aliniambia."

"Baba anajua navuna vitunguu. Homa niliiandika mahali pamoja tu."

Aligeuka kulitafuta lile basi. Lilikuwa limeshaondoka.

"Nipe ufunguo," nilisema.

"Paskalina, nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza. Umeupataje?"

Akakaa chini kwenye mawe, na suruali yake nzuri ya karani.

"Balozi wa nyumba kumi wa kule alikopanga Asukile ni mpya, hamjui kwa sura. Nilimwendea nikasema mimi ndiye Asukile, nimepoteza ufunguo wa sanduku langu. Akaniuliza jina la baba yangu, la mama yangu, kijiji changu, mwaka wa kuzaliwa. Yote nilikuwa nayo. Si nilikuwa mshenga? Asukile aliniambia yote hayo mwenyewe ili nikamsemee kwenu. Balozi akaandika barua, akagonga muhuri. Posta wakaona muhuri, wakabadilisha kufuli."

"Na ufunguo wa Asukile?"

"Haufungui kitu tena."

Shangazi Marta aliguna. "Mtu kaibiwa jina lake akiwa hai," alisema.

"Nilitaka kuisoma moja tu," Anania aliendelea. "Nione unamwandikia nini bubu yule. Nikasoma ya pili. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia mimi vile, Paskalina. Hata mama yangu. Nikajibu kama Asukile. Halafu nikachoka kupendwa kwa jina la mtu."

Niwaambie ukweli, nusura nimhurumie. Alikuwa analia, na hakuwa anaigiza. Lakini nilikumbuka ile barua ya nne, na jinsi nilivyoilalia kifudifudi siku tatu.

"Ulinipa pole ya kidonda ulichonikata mwenyewe," nilisema. "Ufunguo. Na barua zangu."

Ufunguo alinipa palepale. Barua alizitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti, zote kumi na moja, zimelainika kwa kusomwa. Aliinama kuokota mfuko wake.

"Machungwa yaache," shangazi alimwambia. "Mgonjwa atakula."

Nyumbani nilimweleza baba. Alikasirika, lakini alinikasirikia mimi.

"Nimeshampa Anania neno langu. Mzee Kalinga hali matapishi yake."

"Umempa neno mtu aliyejiita Asukile kwa balozi na Anania hapa kwako. Neno lako liko kwa yupi, baba?"

Alichukua kofia yake akatoka. Siku nyingi tulikula bila kuongea. Katikati ya siku hizo Saulo alipita tena, nikampa habari yote ya Anania, hata ya ile ndoa, amwambie Asukile.

Wiki ya nne lori la Saulo lilisimama mbele ya nyumba. Akashuka mtu mwembamba, ndevu zimemjaa, viatu vimefungwa kwa kamba. Nilimjua kwa anavyosimama. Hakuniita. Alikwenda moja kwa moja kwa baba.

"Kamwene, baba," alimsalimia kwa Kihehe chetu.

"Kamwene. Mshenga wako yuko wapi?"

"Sina."

"Desturi hairuhusu. Posa husemewa."

"Nilisemewa, baba. Niliyemwambia kila kitu changu ndiye aliyekichukua." Kusema kwake ni kazi, lakini aliendelea. "Nimetembea siku tatu mpaka kwenye lori. Nimekuja kumwomba Paskalina kwa mdomo wangu. Ukikataa, unikatalie mimi mwenyewe."

Baba alimtazama sana. Kisha akanigeukia mimi.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mletee maji ya kuoga," alisema, na akaenda zake kuangalia ng'ombe. Kwa baba yangu hiyo ilikuwa nusu ya harusi.

Tulipobaki wawili barazani, Asukile hakunishika hata mkono.

"Saulo ameniambia yote," alisema. "Uliamini kwamba nimeoa?"

"Niliamini."

"Ukakubali kuolewa naye?"

"Nilikubali."

"Kwa nini, Paskalina?"

Ningeweza kusema baba alinilazimisha. Sikusema.

"Kwa sababu alikuwa anajua kunisimulia habari zako. Kila akija alikuzungumzia. Nikaona nikiolewa naye, angalau nitakuwa nalisikia jina lako nyumbani."

Aliinamisha kichwa. Nikaogopa kwamba nimempoteza mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wangu.

"Kule kambini," alisema, "kila Jumapili nilikuwa najiambia, leo imeongezeka nyingine sandukuni. Ndicho kilichokuwa kinaniamsha Jumatatu."

Niliingia ndani nikaleta zile barua kumi na moja. Alizitazama, hakuzigusa.

"Sizitaki hizo. Zimeshasomwa. Niambie wewe ulichoandika."

"Zote?"

"Nina muda."

Nikaziweka chini. Niliona haya, maana nimewaambia yaliyomo hayakuwa ya mdomoni. Nikamtazama zile ndevu na zile kamba za viatu, nikaanza.

"Ya kwanza niliuliza kama umefika salama."

"Nimefika," alisema, na machozi yakamtoka. "Nimechelewa, lakini nimefika."

Kisha akaniambia niendelee na ya pili.