Tone la Damu ya Mwalimu

Njozi hakuwa na saa, hakuwa na jino la mbele, hakuwa na subira. Zaidi ya yote, hakuwa na masikio ya kusikia neno "usiguse". Jina la Njozi alipewa na wenzake kwa kuzubaa kwake darasani. Lakini muhula ule aliyemshinda kwa kuzubaa alikuwa mwalimu wao, aliyesinzia wima, chaki mkononi.

"Analala kama paka wa jikoni!" watoto walicheka.

Mwalimu mkuu hakucheka. Siku moja alimpa mwalimu huyo hadi jioni alete barua ya hospitali kuonyesha kwamba ni mgonjwa, la sivyo kazi hana.

Kila alasiri Njozi alimngoja shangazi yake, mtaalamu wa maabara ya hospitali, huko huko kazini kwake. Siku hiyo mwalimu alikuja kupimwa; shangazi aliweka tone la damu yake kwenye kioo, chini ya hadubini, mara akaitwa wodini.

"Usiguse. Damu hii ingali hai."

Njozi akachungulia. Mwanga ulipanda kutoka chini ukapenya tone. Chembe za damu zilielea kama vijua vidogo vya manjano, na katikati yake kitu chembamba kama utepe kilijinyonganyonga, kikizipiga kumbo. Akaongeza mwanga wa taa. Akasahau dunia. Alipozinduka, utepe umetulia, tone limekauka. Haraka akadondoshea maji ya bomba.

Shangazi alirudi, akainama. "Ajabu. Patupu kabisa." Akashika kalamu aandike kwamba hakuna kilichoonekana.

Njozi akamvuta koti. "Shangazi... nimetia maji."

"Maji ya nini?"

"Lilikauka nikiangalia. Kulikuwa na kitu kinacheza, kama utepe."

Kalamu ikasimama hewani. "Maji yamepasua chembe zote, wewe mtoto! Kamwite mwalimu wako, mbio!"

Mwalimu alikuwa amelala kwenye benchi la nje. "Njozi? Kengele imelia?"

"Bado, Mwalimu. Tunaomba tone jingine."

Safari hii shangazi hakuondoka. Utepe ulicheza mbele ya macho yake.

"Mwalimu, huu si uvivu. Ni malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na kimelea hiki, na dawa ipo."

Mwalimu alifuta macho, na si kwa usingizi.

"Tone likikauka tunachukua jingine," shangazi alimwambia Njozi. "Lakini ungenyamaza, ningeandika uongo kwa mkono wangu. Kosa nalo, mwanangu, lisemwe likiwa bado bichi."

Daktari akatia sahihi barua, shangazi akaifunga bahasha kwa gundi. Njozi aliitazama tu, mikono nyuma.

"Hii iguse," shangazi alicheka. "Ipeleke kwa mwalimu mkuu."

Nje, Njozi aliinua bahasha juani. Mwanga ukapenya, mistari ya barua ikaelea. Akaishusha, akatimua mbio.