Mguu wa Boksi

Tumpe alianza kufunga mizigo Jumatatu, akiwa na furaha ya kuudhi watu. Alikuwa ameshakabidhi kazi yake ya mwisho chuoni, tiketi ilikuwa mkononi, na aliimba nyimbo za kwaya ya Kimoraviani kwa sauti ya kutoboa dari. Alikunja nguo, akazikunjua, akazikunja tena. Kila alipopita mlangoni, Bi Beryl, mwenye nyumba wake, alimtupia neno. Alimwambia kwamba sweta haikunjwi kwa heshima zote hizo isipokuwa mwenyewe amekufa, na kwamba rubani akiliona sanduku lile atajiuzulu. Tumpe alicheka tu. Mwaka mzima walikuwa wamekaa wawili katika nyumba ile nyembamba ya matofali mekundu mjini Northampton, wakigombana kuhusu harufu ya dagaa na kuhusu nani kazima joto, na sasa kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake kwamba atamkumbuka.

Bi Beryl alikuwa mjane wa fundi viatu, na yeye mwenyewe alishona ngozi kiwandani tangu usichana wake, kama wazee wengi wa mji ule. Alimwita kila mtu bata, maana ndivyo wanavyobembelezana huko. Wiki za mwanzo Tumpe alinuna kuitwa bata. Baadaye akaanza na yeye kumwita bibi wa watu bata, wakasikilizana.

Kilichomfanya aimbe ni Sekela. Mwanawe huyo Tumpe alimwacha Tukuyu kwa bibi yake, na Januari alikuwa anaanza darasa la kwanza. Bibi huyo, mama yake Tumpe, alikuwa amemsimamisha mtoto juu ya kipande cha boksi la sabuni, akauchora mguu wake wa kushoto kwa kalamu, akaukata kwa wembe, akampa mwalimu mmoja aliyekuwa anasafiri kuja Uingereza. Tumpe aliutembeza mguu huo wa boksi madukani siku nzima. Alipouingiza ndani ya kiatu cheusi cha shule na ukakaa sawasawa, kisigino kwa kisigino, machozi yalimtoka mbele ya muuzaji, ambaye hakujua aangalie wapi. Akavinunua. Nyumbani alilizungushia selotepu boksi la viatu, akalilaza chini kabisa ya sanduku. Mguu wa boksi aliusimamisha juu ya rafu ya meko, pembeni ya picha ya mtoto.

Meko hayo yalikuwa ya zamani, ya ukutani, na hayakuwa yamewashwa tangu nyumba iwekewe mabomba ya joto. Mdomo wake ulizibwa kwa ubao ulioegemezwa tu. Jumanne mchana Tumpe alifungua dirisha apate hewa, upepo ukaingia, ukaupeperusha mguu wa boksi mpaka sakafuni, nao ukateleza nyuma ya ubao.

Aliusogeza ubao, akapiga magoti na kumulika kwa simu. Mguu wa boksi haukuwepo chini. Alipapasa kushoto, akapapasa kulia, hakuna. Aliingiza mkono ndani ya dohani, njia ya moshi, akapandisha mpaka bega likagusa matofali. Huko juu kulikuwa na kishubaka. Mguu wa boksi, ingawa uliangukia chini, ulikuwa umelala ndani yake, na pembeni yake kulikuwa na kitu kingine.

Kilikuwa kiatu cha mtoto. Kimoja tu, cha kushoto, cha zamani mno. Ngozi ilikuwa imekakamaa na kuwa nyeusi, pua imelika, na ndani vidole vitano vilikuwa vimechimba alama zao.

Mtu wa kwao akikuta kitu kimefichwa ukutani, katika chumba anacholala, hahitaji kuelezwa. Tumpe alikaa chini pale pale. Alikumbuka kile kikohozi kilichomganda tangu Machi. Alikumbuka zile ndoto, na ile kazi aliyorudishiwa mara mbili bila kosa la maana. Kumbe amelala na uchawi mwaka mzima! Na ndani ya nyumba ile walikuwa wawili tu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu alikuwa amempenda yule bibi.

Alimpigia mama yake simu, huku amefunga mlango kwa ufunguo.

"Kitoe leo leo," mama yake alinong'ona, kana kwamba kiatu kingeweza kusikia mpaka Tukuyu. "Kikung'ute mpaka mwisho, kisibakie na kitu. Halafu kitupe kwenye maji yanayotembea, na usigeuke nyuma."

"Mama, ni kiatu cha mtoto."

"Ndiyo maana nakwambia leo."

Desemba kule, saa kumi ya jioni giza limeshaingia. Tumpe alishuka mpaka mto Nene, akasimama ukingoni na kukipindua kiatu. Masizi yalimwagika. Yakaendelea kumwagika. Yalikuwa mengi kuliko kiatu kile kingeweza kubeba, na upepo ulipovuma hayakupeperuka, yalishuka wima mpaka majanini. Aliingiza vidole ndani kukomba yaliyobaki, akavitoa haraka. Ndani palikuwa na joto, kama kiatu kilichovuliwa sasa hivi.

Alikirusha mtoni, akageuka na kuondoka bila kutazama nyuma. Alisubiri sauti ya maji. Hakuisikia.

Asubuhi aliamka mzima, mwepesi, akajisifu. Bi Beryl alipomkaribisha chai alijibu kwa adabu ya baridi, akatoka kwenda kuagana na wenzake chuoni. Aliporudi mchana na kufungua mlango wa chumba, aliona doa jeusi kwenye zulia. Aliinama.

Ulikuwa unyayo. Mdogo, mtupu, wa kushoto.

Mbele yake ulikuwepo mwingine. Wa kushoto. Halafu mwingine. Wa kulia haukuwepo hata mmoja. Nyayo zilitoka kwenye meko, zikapita kitandani, zikafika kwenye sanduku. Hapo zilisimama. Hazikurudi.

Mguu wa boksi ulikuwa sakafuni, mbele ya sanduku. Yeye alikuwa ameurudisha juu ya rafu. Aliuokota. Ulikuwa mweusi kwa masizi, kisigino, ukingo, vidole vyote vitano. Hakuna palipozidi. Hakuna palipopungua. Kuna kitu kilikuwa kimesimama juu ya mguu wa Sekela, kikajipima, kikaenea.

Hasira yote kwa Bi Beryl ilimtoka. Alishuka ngazi, akamkuta jikoni anamimina chai, akamweleza yote, kuanzia upepo mpaka mto. Bibi alilishika birika mkononi muda wote, akasahau kuliweka chini.

"Ulikikung'uta?" hatimaye aliuliza.

"Nilikikung'uta."

"Kikatoka chote?"

"Chote."

Bi Beryl aliketi. "Hakikuwekwa kukudhuru, bata wangu," alisema taratibu. "Kilikuwa kinakulinda."

Alimweleza kwa sauti ya chini jinsi alivyoelezwa na mama yake. Kuna kitu hushuka kwa njia ya moshi, hakina jina, na kinapenda watoto. Wazee wa mji ule, watu wa viatu, waligundua kwamba hakuna nguo inayomshika mwenyewe kama kiatu. Shati ukilivua linakusahau, lakini kiatu kinabaki na mguu wako. Basi mtoto wa nyumba alivuliwa kiatu kimoja alichokichakaza, kikafichwa dohanini. Kitu kikija kinamsikia mtoto humo, kinaingia mpaka kwenye vidole, na kikishaingia hakijui kurudi kinyumenyume. Kinakaa. Bi Beryl aliambiwa asikiguse, naye hakukigusa maisha yake yote. Hakumwambia Tumpe kwa sababu nani anamweleza mpangaji msomi habari kama hizo? Angemcheka.

Tumpe hakucheka. Alitaka jambo moja tu, kwamba kitu kile kisimfuate mpaka kwa mtoto. Alisema viatu vya Sekela vimo kwenye sanduku, na nyayo zimeishia hapo.

"Kuna mtu ameshavivaa?"

"Hakuna. Vipya kabisa."

Bibi alishusha pumzi. Alisema kiatu kipya hakina mtu ndani, ni ngozi tu, kitu kile hakikioni. Alisema hivyo mara mbili, na Tumpe akashika hilo neno kwa mikono miwili. Waliamua kukitega upya. Tumpe alivua kiatu chake cha kahawia cha kushoto, kile alichotembelea theluji na mvua ya mwaka mzima, na ndani yake akausukuma mguu wa boksi mpaka mwisho, ili kitu kimsikie Sekela. Wakapanda pamoja. Alikiweka kishubakani kwa mkono wake mwenyewe, Bi Beryl akauegemeza ubao, wakaketi kitandani wameshikana mikono.

Nje taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka. Walikaa.

Kitu kilikwaruza.

"Usigeuke," Bi Beryl alinong'ona.

Kisha wakasikia ngozi. Wote wawili waliijua sauti ile, na Bi Beryl zaidi, maana aliishi nayo kiwandani: ngozi ngumu inapolalamika mguu ukiingia. Uliingia kidogo. Ukasita. Ukaingia wote. Halafu kimya.

Bibi aliinuka, akaleta nyundo, akaupigilia ubao misumari mpaka mikono ikamuuma, na wote wawili wakalia kwa nafuu. Hawakujiuliza sauti imetoka wapi. Chumba kilikuwa kidogo, na sanduku lilikuwa nyuma ya migongo yao.

Ijumaa waliagana mlangoni. Bi Beryl, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatiana, alimkumbatia mpaka kofia ikamvuka, akamtania kwamba sasa atapata usingizi bila kwaya. Tumpe alipanda ndege akiwa na raba miguuni. Alilala njia nzima. Aliposhuka uwanja wa ndege wa Songwe, akafika Tukuyu na kuona ukungu wa kwao juu ya migomba, alihisi ameliacha lile jambo mahali pake.

Sekela alikuwa amerefuka. Alijificha nyuma ya bibi yake kwanza, akachungulia, kisha akaja mbio. Sisi majirani tulijaa sebuleni, chai ilikuwa inapita, na mtoto hakutaka peremende wala gauni, alitaka viatu. Tumpe alitoa boksi. Selotepu ilikuwa vilevile alivyoibandika, haijaguswa. Aliikata kwa kisu mbele yetu.

Sekela alivaa soksi nyeupe, akaketi kwenye mkeka, akaanza na cha kulia. Kilimkaa vizuri, watu wakapiga makofi. Akachukua cha kushoto, akakivuta kwa mikono miwili, mguu ukaingia wote. Akatulia. Alimtazama mama yake.

"Mama, hiki kina joto. Nani alikuwa anakivaa?"

Tumpe alikirukia. Ndipo alipokumbuka lile duka. Kiatu kile hakikuwa kipya. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuingiza ndani yake mguu wa mwanawe, kisigino kwa kisigino, akalia kwa furaha. Alivuta, na kiatu hakikutoka. Bibi alimshika mtoto mabega, Tumpe akavuta tena, Sekela akipiga kelele, mpaka kikachomoka kwa nguvu ya watu wazima wawili. Soksi ya kulia ilikuwa nyeupe. Ya kushoto ilikuwa nyeusi mpaka kwenye kifundo.

Hakuna aliyethubutu kukipindua. Tumpe alikibeba kimelala juu ya viganja, kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto, na mama yake, yule yule aliyesema kikung'utwe, alikwenda kukanda udongo bila kuulizwa. Walikiziba ndani ya ukuta wa jiko, juu ya mafiga. Kiraka kile kipo mpaka leo. Kila mwaka wanapopaka chokaa nyumba nzima, pale hawapaki.

Sekela sasa yuko darasa la tano, mrefu kuliko mwalimu wa zamu, ambaye humwita twiga. Hana maumivu, anacheka, anaruka kamba. Ila anachechemea kidogo, na ukimtazama miguu utaona kwa nini. Wa kulia unakua. Wa kushoto umebaki pale pale ulipochorwa. Daktari wa Mbeya amepima, akapiga picha, akasema mifupa ni mizima, hajui.

Kwa hiyo kila Januari Tumpe hununua jozi mbili, kubwa na ndogo. Mtoto anavaa kimoja kimoja, na vinavyobaki vinapangwa chini ya kitanda, vipya, havijavaliwa na mtu. Wenye watoto wameviomba, amekataa. Siku hizi Tumpe hatupi kiatu.